Tetemeko likipiga Nakuru: uende kwa miguu, boda boda au matatu?

Mama yangu anaishi Subukia. Watoto wangu wanasoma Bahati. Mimi nafanya kazi katikati ya jiji la Nakuru, hatua chache kutoka Kenyatta Avenue, na nyumbani kwetu ni Lanet. Siku ya kawaida matatu hunifikisha kote huko na sina haja ya kupanga lolote. Ila kuna swali limenikaa moyoni muda mrefu: ardhi ikitikisika kwelikweli saa nane mchana, siku ya shule, nitawafikia vipi hawa watu wangu, na nitaanza na nani?

Nikiwauliza wenzangu, wengi hunijibu kwamba matetemeko ni mambo ya Japani. Hapana. Tarehe 6 Januari 1928 tetemeko la ukubwa wa 6.9 lilipiga hapa hapa Subukia, na ardhi ikapasuka kwa umbali wa kilomita 38 hivi kando ya ukuta wa Laikipia na Marmanet. Siku hizo nyumba za mawe zilikuwa za kuhesabu na magari yalikuwa machache zaidi, ndiyo maana habari yake haikukaa midomoni mwa watu. Leo kaunti hii ina watu zaidi ya milioni mbili kwa hesabu ya 2019, na asiye na gari lake hutegemea miguu, boda boda au matatu. Tuko ndani ya Bonde la Ufa, na jiji lenyewe limekaa juu ya majivu ya volkano chini ya Menengai. Watu wa upande wa magharibi wa jiji wanajua jinsi mvua kubwa inavyofungua nyufa na mashimo njiani hata pasipo tetemeko lolote.

Ukitaka kuona ukubwa kama ule unaufanyia nini mji wenye magari mengi, angalia San Francisco kule Marekani. Tarehe 17 Oktoba 1989, saa kumi na moja jioni watu wakitoka kazini, tetemeko la 6.9 liliangusha kipande cha daraja kuu la kwenda Oakland, na daraja likafungwa kwa mwezi mzima. Ng'ambo, Oakland, barabara ya ghorofa mbili iliporomoka ya juu juu ya ya chini, na watu 42 wakafa hapo. Ukubwa ni ule ule wa Subukia.

Basi nimeviweka vyombo vyetu bega kwa bega. Kipimo changu cha kwanza si kasi, wala nauli. Ninauliza: njia ikikatika mbele, chombo hiki kinaweza kugeuka na kurudi? Baada ya tetemeko hakuna anayejua barabara iko vipi kilomita tano mbele, hata dereva aliyeipita asubuhi. Aliye katika chombo kisichogeuka hana la kufanya ila kungoja, na huenda akangojea chini ya ukingo ambao bado haujamaliza kuanguka.

Kabla ya kuchagua chochote

Kuna chaguo ambalo hatulihesabu, nalo ni kubaki ulipo. Tarehe 11 Machi 2011, saa tisa kasorobo alasiri, tetemeko la ukubwa wa 9.0 lilipiga pwani ya kaskazini mashariki mwa Japani. Tokyo ilikuwa mbali na kitovu, na majengo yake mengi yalisimama. Hata hivyo treni zilisimamishwa zote ili reli zikaguliwe, na zaidi ya watu milioni 5 wa jiji hilo na viunga vyake wakakosa namna ya kurudi nyumbani siku ile. Barabara zikajaa watu wanaotembea usiku kucha, na magari ya kuzima moto na ya wagonjwa yakakwama katikati yao. Tokyo ikajifunza. Tangu Aprili 2013 kuna sheria ya jiji inayowataka waajiri wawabakize wafanyakazi kazini kwa muda, na waweke akiba ya maji na chakula cha siku tatu.

Kwetu hakuna sheria kama hiyo, lakini maana yake inatufaa vilevile. Kama jengo ulimokuwa limesimama, uko nje mahali pa wazi, na unajua watoto wako na mwalimu wao, saa mbili za kwanza si za kukimbilia steji. Steji nyingi za mjini ziko katikati ya majengo marefu yenye vioo na mabango, na matetemeko yanayofuata ndiyo huangusha kilicholegea. Nenda uwanja wa wazi. Afraha ni karibu, na Nyayo Gardens pia, mradi usimame mbali na miti mikubwa na nyaya za umeme. Tuma ujumbe mfupi badala ya kupiga simu. Mtandao ukizidiwa, ujumbe hupenya pale simu inapokataa. Baada ya hapo ndipo ufikirie safari.

Matatu

Nianze na matatu kwa kuwa ndiyo tunayoikimbilia kwanza. Ina sifa zake. Inabeba watu 14, inakukinga na mvua na vumbi, mama mwenye mtoto mgongoni anakaa bila hofu ya kudondoka, na nauli yake inagawanywa. Safari ikiwa ndefu, tuseme kwenda Naivasha au Nairobi, na barabara imeshakaguliwa, sioni cha kuishinda.

Udhaifu wake ni kwamba inahitaji barabara nzima, na haigeuki. Niliwahi kulijua hili kwa mwili wangu. Usiku mmoja nilikuwa natoka Nairobi kwa matatu, na mbele yetu, tukiwa tumeshapita Gilgil, lori likaanguka na kulala kimshazari barabarani. Dereva wetu akaona foleni akajaribu kuikwepa kwa kuingia upande wa pili. Wengine kumi wakafanya vivyo hivyo. Ndani ya dakika chache barabara ilikuwa imefungika pande zote mbili, magari pua kwa pua, hakuna wa kwenda mbele wala wa kurudi. Tulikaa pale toka saa tatu usiku hadi saa tisa. Kulikuwa na mama mmoja kiti cha mbele yangu, mtoto wake ana homa. Alikuwa akimimina maji ya chupa kwenye pembe ya leso, anampangusa mtoto kipaji cha uso, kisha anatazama chupa imebaki kiasi gani. Nje, pikipiki zilikuwa zikipita kwenye nyasi, moja baada ya nyingine, kana kwamba hakuna kilichotokea. Mwishowe konda alimshika mama yule mkono, akamsimamishia boda, akamlipia yeye mwenyewe. Nilimheshimu sana kijana yule.

Hiyo ilikuwa ajali ya lori moja tu, daraja zima, lami nzima, simu zinafanya kazi. Sasa fikiria kila dereva wa mjini ameanza safari kwa dakika moja, taa za barabarani zimezima, na mahali fulani kuelekea Mbaruk ukingo umemwagika barabarani.

Kobe, Japani, waliona jambo hili kwa miezi. Tetemeko la tarehe 17 Januari 1995 lilipiga kabla ya saa kumi na mbili alfajiri, likaangusha barabara kuu ya juu na kukata reli zote tatu zinazounganisha Kobe na Osaka. Mabasi yakaletwa kuchukua nafasi ya treni, lakini barabara zilizobaki zilikuwa zimejaa magari ya watu binafsi, na mabasi yakawa yanatambaa. Yalianza kwenda vizuri pale tu yalipotengewa njia yao peke yao, magari mengine yakazuiwa. Kwa hiyo ukisikia kwamba matatu zimeanza kufanya kazi, uliza kwanza: je, polisi wamefungia magari madogo njia? Kama hawajafanya hivyo, tarajia foleni kama ile yangu ya Gilgil.

Hukumu yangu juu ya matatu: siku ya kwanza, hapana, isipokuwa unaondoka eneo la hatari kwa barabara tambarare na umeona kwa macho magari yanayotoka upande unaokwenda. Hilo la mwisho ni la muhimu. Magari yakiwa yanakuja kutoka kule, njia ipo. Yasipokuja kwa nusu saa, kuna jambo, hata kama makanga anakuapia kwamba kumefunguka. Siku ya tatu na kuendelea, matatu ndiyo chaguo la kwanza kwa safari ya zaidi ya kilomita 30.

Boda boda

Kwa swali la kugeuka, pikipiki haina mpinzani. Inapita kando ya lori lililolala, inasukumwa kwa mkono juu ya ufa, inabebwa na watu wanne kuvuka mtaro. Lita moja ya petroli inaweza kuifikisha pikipiki ndogo kilomita 40 na zaidi, na hilo ni jambo kubwa siku ambayo umeme umekatika na pampu za vituo hazivuti mafuta. Kathmandu, Nepali, walikopigwa na tetemeko la 7.8 tarehe 25 Aprili 2015, vijana wenye pikipiki walikuwa miongoni mwa waliowahi kufikisha misaada kwenye vijiji ambavyo malori hayangeweza kuvifikia kwa sababu ya maporomoko.

Na waendeshaji wetu wanajua vichochoro. Muulize kijana wa boda pale Free Area njia ya kwenda Bahati bila kugusa barabara kubwa, atakupa tatu.

Lakini sitaki mtu asome hapa akaone boda ni jibu la kila kitu. Hofu yangu ya kwanza ni waya. Baada ya tetemeko nguzo huinama na nyaya huning'inia kimo cha shingo, na jioni hazionekani. Mwendeshaji aliye kasi hana nafasi ya kusimama. Hofu ya pili ni abiria wawili na watatu juu ya pikipiki moja. Sheria inasema mmoja, na kila siku tunaivunja tukafika salama, lakini barabara ya kila siku haina mawe yaliyoanguka dakika kumi zilizopita. Hofu ya tatu ni bei. Mvua tu ikinyesha nauli hupanda. Siku ya msiba mkubwa itapanda zaidi, na mtandao ukiwa chini M-Pesa haitakusaidia kitu. Noti ndogo ndogo nyuma ya kitambulisho, za hamsini na za mia, zimekuwa mazoea yangu kwa mwaka sasa, na sizigusi hata nikikosa sukari nyumbani.

Kwa umbali wa kilomita 5 hadi 40, mtu mmoja mwenye afya, mchana, ningechagua boda. Ningechagua ninayemfahamu, wa steji ya karibu na kazini, na ningekubaliana naye nauli na njia kabla ya kupanda, pamoja na mambo mawili: twende polepole, na tukifika daraja lolote tusimame, nishuke, tuliangalie kwanza. Tunatazama pale daraja linapoungana na udongo wa kando, kwa sababu mara nyingi udongo ndio hushuka na kuacha ngazi, hata kama daraja lenyewe halina ufa. Pikipiki ikiingia kwenye ngazi ile kwa kasi, inawatupa wote wawili.

Usiku sipandi. Bora nilale uwanjani.

Miguu

Jumamosi moja niliamua kujaribu. Nilitoka ofisini na viatu vya kazini, nikaelekea Lanet kwa miguu, kilomita kama 10, nikiwa na chupa ya maji na saa. Nilitumia saa mbili na dakika arobaini, pamoja na mapumziko mawili. Kufika karibu na Pipeline kisigino cha kulia kilikuwa kimechubuka, na nilimaliza safari kiatu kimoja mkononi, soksi imeloa. Tangu siku ile nina raba kuukuu chini ya meza ofisini.

Kitu nilichogundua njiani ni kwamba sikuwa na njia ya miguu kwa sehemu kubwa ya safari. Unatembea kwenye ukingo wa lami, halafu vumbi, halafu mtaro, halafu mbele ya duka la mtu. Nilihesabu mahali ambapo ningelazimika kupita chini ya kitu: mabango, ukuta mrefu wa mawe usio na nguzo, tangi la maji juu ya mnara. Tangi lile sikuwa nimewahi kuliona kwa miaka yote niliyopita pale kwa matatu. Ukitembea njia yako mara moja tu siku ya amani, utaijua kuliko ramani yoyote itakavyokuambia.

Miguu haina foleni, haitaki mafuta, hailipi nauli, na ndicho chombo kinachogeuka papo hapo. Kwa umbali usiozidi kilomita 10 hadi 12 mchana, miguu inashinda boda, hasa ukiwa na watoto wakubwa wanaoweza kutembea. Watu wa Tokyo waliotembea usiku ule walifika. Wengi walichukua saa nyingi, lakini walifika. Haiwafai wajawazito, wazee na wenye majeraha, na kwa hao nina neno hapo chini.

Watu wa Lanet huniuliza kuhusu kufuata reli badala ya barabara. Inavutia kwa sababu imenyooka. Mimi siwezi kumshauri mtu hivyo. Reli inapita juu ya tuta na madaraja yasiyo na kingo, na tuta la udongo ni miongoni mwa vitu vinavyoumia zaidi ardhi ikitikisika.

Tuk-tuk, mkokoteni na treni

Tuk-tuk ni ya mjini tu. Inabeba watatu, inageuka mahali padogo, na mzee wa magoti mabovu anaingia bila kuinua mguu juu. Kutoka Section 58 au Milimani kwenda hospitali kuu, kwa mgonjwa anayeweza kukaa, ningeitafuta hiyo kabla ya kitu kingine. Lakini magurudumu yake madogo hayapendi nyufa, na mlimani ikijaa inalia. Usiitoe nje ya jiji.

Mkokoteni usiudharau. Mtu aliyevunjika mguu hawezi kukalia pikipiki, na gari la wagonjwa likikwama, mkokoteni wa maji wenye magurudumu mawili ya gari, godoro juu, vijana wawili wanaosukuma na mmoja mbele wa kuangalia njia, utamfikisha. Jua nani mtaani kwako ana mmoja.

Treni tuiache. Reli ilifika Nakuru 1900, na treni ya abiria kwenda Kisumu ilirudi mwishoni mwa 2021 baada ya kukosekana miaka mingi, lakini baada ya tetemeko reli lazima ikaguliwe kwa miguu, mita kwa mita. Japani, pamoja na utaalamu wao wote, reli ya kwanza kati ya zile tatu za Kobe ilifunguka yote tarehe 1 Aprili 1995, ya pili tarehe 12 Juni, na ya tatu tarehe 26 Juni. Usipange kitu chochote cha wiki ya kwanza kwa treni.

Njia yako ni ipi?

Ulinganisho hauwezi kuishia kwenye chombo, maana chombo kile kile ni kizuri kuelekea Njoro na kibaya kuelekea Subukia.

Njoro ni tambarare. Shida yake kubwa ni pale mwanzo, kwenye barabara ya juu ya makutano ya Njoro. Chochote utakachopanda, kipandie upande wa pili. Tembea kwanza uipite sehemu ile kwa mbali, usipite juu yake wala chini yake, kisha tafuta boda au matatu zinazofanya safari za kwenda na kurudi upande wa Njoro peke yake. Nadhani huku ndiko matatu zitarudi mapema kuliko kwingine.

Naivasha na Nairobi: barabara ni pana na ina magari ya kila aina, kwa hiyo ndiyo itakayosafishwa kwanza na ndiyo itakayojaa kwanza. Subiri siku ya pili au ya tatu, panda matatu, na uliza dereva anapitia wapi baada ya Naivasha. Njia ya Mai Mahiu imechongwa ubavuni mwa ukuta wa Bonde la Ufa. Kuna njia ya juu, na ningeichagua hiyo. Mai Mahiu tuliona Aprili 2024 yale ambayo udongo na maji vinaweza kufanya usiku mmoja, na pale ardhi haikuwa imetikisika.

Kericho na kuendelea, kupitia Salgaa na Sachangwan, ni miteremko na malori. Hata siku njema watu hufa pale. Siku zile sitapita kwa chombo chochote hadi malori yasimamishwe.

Na Subukia. Hapa ndipo nililala macho wazi nikifikiri. Kutoka Bahati barabara inaingia msituni, kisha inashuka kwa kona kali hadi bondeni, na ni bonde lile lile ambalo ufa wa 1928 ulipita kando yake. Matatu kule ni hapana, kwa sababu kwenye kona zile haiwezi kugeuka. Boda inaweza, lakini chini ya kingo zile mbovu sitaki kuwa hata dakika moja wakati ardhi bado inatikisika. Nepali iliwafundisha wenzetu hili kwa uchungu: siku 17 baada ya tetemeko la kwanza lilikuja lingine la 7.3, tarehe 12 Mei, likaporomosha tena milima na kuua watu ambao walidhani yameisha. Na tusisahau mabwawa. Bwawa la Solai lilipopasuka Mei 2018 lilichukua roho zaidi ya 40, na mashamba ya upande ule yana mabwawa mengine. Anayekwenda Subukia asikae kwenye mkondo wa maji chini ya bwawa lolote, hata kupumzika.

Uamuzi niliofikia na mama ni mgumu, ila tumeukubali sote wawili: siku ya kwanza siendi. Ana majirani, ana ndugu yangu mdogo umbali wa kuitana, na ana simu ndogo ya vibonye ambayo chaji yake hukaa siku nne. Atanitumia neno moja, "salama", nami nitamjibu hilo hilo. Nitakwenda siku ya pili asubuhi kwa boda, nikiwa nimeona pikipiki zinazotoka Subukia zikifika Bahati.

Watoto ndio wa kwanza. Hadi Bahati ni boda mchana, na tuliongea na shule tukaambiwa watoto watakusanywa uwanja wa mpira, na mwalimu hatamwachilia mtoto kwa mtu asiye kwenye orodha. Jina langu, la mke wangu na la jirani mmoja yameandikwa. Kurudi nao wawili Lanet siwezi kuwapakia pikipiki moja pamoja nami, kwa hiyo tutachukua pikipiki mbili, au tutatembea na kulala njiani kwa shangazi yao. Shangazi anajua, na amenunua blanketi mbili.

Kwa wenzetu wa Kisumu

Rafiki yangu wa Kondele aliniomba nimfikirie na yeye. Tetemeko la Kagera la 10 Septemba 2016, la ukubwa wa 5.9, liliangusha nyumba nyingi Bukoba, Tanzania, ng'ambo ya Ziwa Victoria lile lile la Kisumu, kwa hiyo swali lake ni la haki. Kwake hesabu inabadilika kidogo. Jiji ni tambarare, tuk-tuk ni nyingi, na baiskeli bado zipo kwa wingi magharibi. Jina boda boda lenyewe lilianza na baiskeli za Busia zilizokuwa zikivusha watu kati ya mpaka wa Kenya na wa Uganda. Baiskeli inageuka kama pikipiki na haitaki mafuta. Ndani ya Kisumu ningeiweka mbele ya boda. Aikwepe barabara ya juu ya Kondele kama ninavyomshauri mtu wa Njoro, na akitaka kutoka mashariki, daraja la mto Nyando pale Ahero ndilo la kuulizia kwanza kabla hajalipa nauli.

Ana kitu ambacho sisi hatuna: maji. San Francisco daraja lilipofungwa 1989, feri ziliongezwa zikavusha watu kwa wiki nyingi. Barabara ya Ahero ikikatika, mtu anaweza kwenda kwa basi hadi Luanda Kotieno na kuvuka kwa feri kwenda Mbita, akafika Homa Bay bila kugusa Nyando. Ni mzunguko mrefu, lakini upo. Ila mashua zisiwe za saa za kwanza. Maji ya ziwa nayo huyumba na kupiga ufuo ardhi ikitikisika, na gati au mchanga wa Dunga unaweza kushuka. Asubiri maji yatulie, na asipande mashua isiyo na jaketi la kuokoa maisha kwa kila abiria, hata mwenye mashua akimwita ndugu.

Nilimwambia pia aandike namba mbili kwenye karatasi, si kwenye simu tu: 1199 ya Msalaba Mwekundu na 999 ya polisi. Akanijibu kwamba karatasi ameshaiweka nyuma ya kitambulisho, na kwamba Jumamosi ijayo anatembea kutoka Kondele hadi kwa mkewe Nyamasaria, akiwa na saa mkononi.